Kabla hujanunua kifaa cha kielektroniki ugenini, soma namba ya modeli

Mwanzisha uzi

Wakuu, nimefungua uzi huu kwa sababu kila ninapokaribia kusafiri napokea maombi yale yale kutoka kwa ndugu na marafiki: niangalizie simu, niangalizie kamera, nasikia kompyuta mpakato huko ni bei ya kutupa. Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa ya kusafiri, nimenunua vifaa vingi nje ya nchi kwa matumizi yangu na kwa kuagizwa, na ninaweza kusema bila kusita kwamba akiba ipo. Ipo, lakini humfikia anayenunua kwa namba, kwa sababu kifaa kinachoitwa kwa jina moja duniani kote mara nyingi ni vifaa vitatu au vinne tofauti vilivyovalishwa ganda moja.

Somo hilo nililipata Osaka. Kulikuwa na kamera moja niliyokuwa nimeifuatilia kwa miezi mingi hadi uzito wake nikaujua kwa kichwa, na dukani niliikuta kwa bei iliyonifanya niichukue papo hapo. Muuzaji aliitazama pasipoti yangu, akaondoa kodi, akanifungia vizuri, tukaagana kwa heshima. Usiku hotelini nilitia betri, nikawasha, skrini ikajaa Kijapani. Hilo halikunishtua, kwa kuwa nilizoea kwamba kila kifaa kina mahali pa kuchagua lugha. Nilipakua kwenye simu mwongozo wa toleo la Kiingereza, nikauweka kando ya kamera na kuanza kulinganisha ukurasa kwa ukurasa, nikifuata alama ndogo za pembeni kwa sababu maandishi sikuyaelewa. Mstari wa tarehe na saa niliuona. Mstari wa eneo niliuona. Kwenye mwongozo, mstari wa lugha ulikaa jirani kabisa na hiyo miwili. Kwenye kamera yangu hapakuwa na kitu.

Baadhi ya watengenezaji huuza nchini Japani kamera za soko la ndani zenye Kijapani peke yake, na kando yake huuza toleo la kimataifa la kamera hiyo hiyo kwa bei ya juu zaidi. Asubuhi nilirudi dukani, wakanionyesha toleo hilo kwenye kabati jingine, na kwa adabu kubwa wakanieleza kwamba bidhaa ambayo boksi lake limefunguliwa hairudishwi. Kwenye maboksi yote mawili jina la kamera lilikuwa lile lile kwa herufi kubwa. Tofauti ilikuwa kwenye kibandiko cha upande, chini ya msimbopau, ambako namba za modeli hazikufanana.

Kwenye simu jambo hili ni zito zaidi. Chukueni iPhone 14 iliyotoka mwaka 2022. Jina ni moja, lakini namba za modeli ni tano: A2649 ya Marekani, A2881 ya Kanada, Japani, Meksiko na Saudi Arabia, A2884 ya China, Hong Kong na Macau, A2883 ya Urusi na baadhi ya majirani zake, na A2882 ya sehemu kubwa ya dunia iliyobaki. Ile ya Marekani haina kabisa kitundu cha kuingizia laini, inategemea eSIM tu, yaani laini ya kidijitali iliyomo ndani ya simu. Ile ya China bara ina nafasi ya laini mbili za kawaida na haina eSIM. Mtu ambaye kampuni yake ya simu bado haitoi eSIM akinunua A2649 kwa kuvutiwa na bei, atafika nyumbani na kifaa cha picha na Wi-Fi ambacho hakiwezi kupokea simu.

Kisha kuna masafa, ambayo yamegawanywa katika mafungu yanayoitwa bendi. Bendi ya 20, ya megahezi 800, ni ya kawaida Ulaya, ilhali bendi ya 13, ya megahezi 700, ni ya Marekani. Simu isiyo na bendi ambayo mtandao wako unaitegemea nje ya miji itashika vizuri sana katikati ya mji, nawe utaisifu, hadi siku utakayosafiri kilomita 40 na kuiona ikitafuta mtandao bila kuupata. Na simu za Android zilizotengenezwa kwa soko la China bara huja bila huduma za Google, kwa kuwa huduma hizo hazitolewi huko. Wapo wanaoziweka wenyewe baadaye, lakini programu za benki na arifa huweza kusumbua, na sidhani ni busara kumnunulia mzazi wako simu ya namna hiyo.

Kwa hiyo utaratibu wangu sasa ni huu. Kabla ya safari ninaandika namba kamili ya modeli inayouzwa rasmi nyumbani, ninafungua ukurasa wa mtengenezaji unaoorodhesha bendi, ninaweka alama kwenye zile ambazo mtandao wangu unazitumia, na dukani ninasoma kibandiko cha boksi kabla ya kuuliza bei. Namba isipolingana, ninauliza tofauti ni nini, na nisipopata jibu la kueleweka ninaondoka. Naomba wenye uzoefu wa kodi, umeme na waranti wachangie.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante kwa uzi, mkuu. Nami nichangie upande wa kodi, kwa sababu nilipoteza marejesho yangu yote, yaani kodi anayorudishiwa mgeni anapoondoka na bidhaa, kwa kosa la dakika kumi. Nilinunua kompyuta ndogo ya mezani katika nchi moja ya Umoja wa Ulaya, dukani wakanijazia fomu vizuri, na siku ya kuondoka nikakabidhi sanduku kwenye kaunta ya shirika la ndege kwanza ndipo nikaenda forodha kugongewa muhuri. Afisa aliniuliza swali moja: kompyuta yenyewe iko wapi? Wakati huo ilikuwa imeshapita kwenye mkanda. Hakugonga muhuri, na sikuweza kumlaumu, kwa kuwa kazi yake ni kuthibitisha kwamba bidhaa inatoka kweli.

Je, ni sahihi kwamba Uingereza hawarudishi tena? Na je, asilimia inayotangazwa ndiyo unayopata mkononi?

Mwanzisha uzi

Ni sahihi, ndugu. Tangu Januari 1, 2021, mgeni anayenunua bidhaa London na kuibeba mwenyewe kwenye begi harudishiwi VAT (kodi ya ongezeko la thamani), isipokuwa Ireland Kaskazini ambako utaratibu huo ulibaki. Bado nakutana na watu wanaopanga safari kwa kutegemea marejesho hayo.

Kuhusu asilimia, hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Chukua nchi yenye VAT ya asilimia 19, kama Ujerumani. Bidhaa ya euro 1,190 ina kodi ya euro 190 ndani yake. Hiyo 190 ni asilimia 19 ya 1,000, lakini ni karibu asilimia 16 tu ya fedha uliyotoa mfukoni. Halafu kampuni inayoshughulikia marejesho hukata ada yake kabla ya kukulipa, na ukitaka fedha taslimu pale pale uwanjani mara nyingi hukatwa tena. Anayepiga hesabu kwa asilimia 19 kamili anakuwa ameshatumia akiba ambayo haipo.

Masharti ya Umoja wa Ulaya ni kwamba uwe mkazi wa nje ya Umoja, kwamba manunuzi yafikie kima cha chini cha nchi husika, ambacho hakiruhusiwi kuzidi euro 175, na kwamba bidhaa itoke kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu baada ya ule ulionunua. Muhuri unagongwa katika nchi ya mwisho unayotokea Umoja. Ukinunua Paris na kuondokea Amsterdam, forodha yako ni ya Amsterdam. Na kama alivyosema mchangiaji, bidhaa ionwe kwanza, sanduku lifuate.

Singapore kodi yao ni asilimia 9 tangu mwaka 2024, na bidhaa inatakiwa kutoka ndani ya miezi miwili. Falme za Kiarabu ni asilimia 5, kwa hiyo hata ukirudishiwa, akiba ya kodi pekee ni ndogo. Hong Kong hawana kabisa kodi ya mauzo wala VAT, bei unayoiona ndiyo bei, hakuna foleni ya kurudishiwa chochote. Japani kodi ni asilimia 10, na kwa miaka mingi maduka yaliyosajiliwa yamekuwa yakiiondoa pale pale kwa mgeni mwenye pasipoti aliyenunua kuanzia yen 5,000. Serikali yao imetangaza kwamba kuanzia Novemba 1, 2026 utalipa kodi kwanza na kurudishiwa baada ya forodha kuthibitisha unapoondoka, kwa hiyo wale waliozoea utaratibu wa zamani wajipange upya kwa muda wa uwanjani.

Marekani ni habari nyingine kabisa. Bei ya kwenye rafu haina kodi ndani yake. Kodi inaongezwa unapolipa, kila jimbo na mji na kiwango chake, na Chicago kwa mfano jumla hupita asilimia 10. Serikali ya shirikisho haina VAT ya kumrudishia mtalii. Oregon, Delaware, Montana na New Hampshire hazitozi kodi ya mauzo ya jimbo, na kama safari yako inapita huko tayari, nunua huko. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu watu hulinganisha bei ya Marekani ambayo kodi haimo na bei ya nyumbani ambayo kodi imo, kisha wanashangaa kwenye kaunta.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme, na nimeona niandike kwa sababu kila msimu wa watu kurudi kutoka safari, mezani kwangu hufika vifaa vizuri, vipya, vilivyokufa siku ya kwanza.

Wiki iliyopita nililetewa mashine ya kukaushia nywele iliyonunuliwa Japani. Mama aliyeileta alisema aliichomeka kwa adapta, ikavuma kwa nguvu kuliko alivyotarajia, waya wa ndani ukawaka rangi ya chungwa, kikatoka kinuko cha plastiki na kimya kikafuata. Nilipoifungua, waya wa joto ulikuwa umekatika mahali pawili na fyuzi ya joto imeungua. Kibandiko kwenye mpini kilisema wazi: 100 V, 1,200 W. Aliichomeka kwenye umeme wa volti 230. Nguvu ya kifaa cha namna hii hupanda kwa mraba wa volti, na 230 ni mara 2.3 ya 100, kwa hiyo nguvu inakuwa zaidi ya mara 5. Kwa hesabu, kifaa cha wati 1,200 kilikuwa kinalazimishwa kubeba zaidi ya wati 6,300. Hakuna waya wa joto wa mkononi uliotengenezwa kwa mzigo huo.

Naomba ieleweke kwamba adapta ya plagi haibadilishi umeme hata kidogo. Inabadilisha umbo la meno tu. Kinachopunguza volti ni transfoma, na transfoma ya kubeba wati 1,200 mfululizo ni zito la kilo kadhaa, gharama yake inameza akiba yote.

Kwa hiyo soma kibandiko cha kifaa au cha chaja. Kikiandikwa "INPUT 100-240V 50/60Hz", chukua bila wasiwasi, adapta ya plagi inatosha. Chaja nyingi za simu, kompyuta mpakato na kamera ziko hivyo. Kikiandikwa 100V peke yake, au 120V peke yake, basi kimetengenezwa kwa ajili ya Japani au Marekani na hakifai penye volti 220 hadi 240. Vya joto na vya mota ndivyo hatari zaidi: pasi, vikausha nywele, birika, mashine za kusaga. Na vyenye mota vina tatizo la pili ambalo hata transfoma haliondoi, nalo ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde (Hz). Hata Japani yenyewe imegawanyika: Tokyo na mashariki ni Hz 50, Osaka na magharibi ni Hz 60, kwa sababu mwishoni mwa karne ya 19 upande mmoja ulileta mitambo ya kufua umeme kutoka Ujerumani na mwingine kutoka Marekani, na mgawanyiko huo haujaondoka hadi leo.

Mchangiaji wa tatu

Nimesoma yote kwa makini, na ninaheshimu uzoefu wa waliotangulia, lakini naona jambo kubwa zaidi limeachwa. Mnazungumzia siku ya kununua. Mimi nazungumzia mwezi wa nane baada ya kununua. Simu yangu niliyonunua safarini ilianza kuzima yenyewe ikiwa na chaji nusu, nikaipeleka kwa wakala rasmi nyumbani, akaingiza namba ya utambulisho kwenye mfumo na kunijibu kwamba simu hiyo ni ya eneo jingine, waranti yake haihudumiwi hapa. Ningeweza kuilipia matengenezo, lakini kipuri cha modeli hiyo hakikuwepo ghalani kwake, ilibidi kiagizwe. Nilichookoa kwenye bei kilirudi chote, na simu ilikaa kwake wiki tano. Kwa maoni yangu mtu wa kawaida anunue nyumbani, alipe kinachodaiwa, alale usingizi.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Waranti ni sehemu ya bei, na anayeiacha nje ya hesabu anajidanganya.

Hata hivyo haziko sawa zote. Apple, kwa mfano, huandika katika masharti yao kwamba huduma ya waranti ya iPhone inaweza kubanwa kwa nchi ambako simu iliuzwa, na kwa kuwa modeli hutofautiana kama tulivyoona, kuna sababu ya kiufundi ya hilo. Kwa kompyuta zao za mpakato, huduma kwa kawaida hupatikana pengi zaidi. Watengenezaji wa kamera wengi hutoa kadi mbili tofauti, moja ya nchi na nyingine ya kimataifa, na unatakiwa kuuliza ni ipi iliyomo ndani ya boksi kabla halijafungwa. Muuzaji akikuambia kwa mdomo kwamba "waranti ni ya dunia nzima", mwombe akuonyeshe palipoandikwa.

Wengine huvutiwa na Ulaya kwa sababu sheria ya huko inampa mnunuzi miaka 2 ya dhamana. Ni kweli, lakini haki hiyo unaidai kwa muuzaji, yaani lile duka lililokuuzia. Ukiwa umesharudi kwako, maana yake ni kukisafirisha kifaa hadi huko kwa gharama ya posta na bima, na kukipokea tena kupitia forodha. Kwa lenzi ya bei kubwa inaweza kufaa. Kwa spika ndogo ya bluetooth haifai kabisa.

Mimi nimejiwekea mpaka huu: tofauti ya bei, baada ya kuondoa kodi, ada na kila kitu, iwe kubwa kuliko gharama ya tengenezo moja la kawaida la kifaa hicho, mathalani kubadilisha skrini au betri kwa fedha yangu. Ikiwa haifiki hapo, ninafanya ulivyoshauri wewe, nanunua nyumbani.

Mchangiaji wa nne

Swali fupi, mkuu. Nina safari, na mwanangu anataka Nintendo Switch 2. Nimeona Japani ni rahisi sana. Pia mke wangu anauliza kuhusu televisheni.

Mwanzisha uzi

Switch 2 ya bei rahisi unayoiona Japani ni toleo la lugha ya Kijapani tu, na linakubali akaunti za Nintendo zilizosajiliwa kwa eneo la Japani peke yake. Lipo toleo jingine huko la lugha nyingi, na bei yake ni ya juu kwa kiasi kikubwa. Ni kisa changu cha Osaka kilichojirudia, isipokuwa safari hii mtengenezaji amekitangaza wazi tangu kilipoanza kuuzwa Juni 2025. Kwa mtoto, chukua la lugha nyingi au acha.

Televisheni usibebe. Marekani hutumia mfumo wa matangazo wa ATSC, Japani na Brazili ISDB-T, China DTMB, na Ulaya na nchi nyingine nyingi DVB-T2. King'amuzi cha ndani cha mfumo mmoja hakisomi mwingine, na kioo hicho kikipata ufa safarini hakuna wa kukulipa kirahisi.

Mchangiaji wa tano

Naongeza mambo mawili ambayo sijayaona.

La kwanza ni kadi ya benki. Mashine ya malipo ikitambua kadi yako ni ya kigeni, itakuuliza kama unataka kulipa kwa sarafu ya pale ulipo au kwa sarafu ya nyumbani. Swali linaonekana la kiungwana, na wengi huchagua ya nyumbani ili wajue wanalipa kiasi gani. Chagua sarafu ya pale pale. Ukichagua ya nyumbani, anayebadilisha fedha ni upande wa muuzaji kwa kiwango anachokiweka yeye, na kiwango hicho kwa kawaida ni kibaya kuliko cha benki yako. Kwenye kifaa cha bei kubwa, kitufe hicho kimoja kinaweza kula sehemu nzuri ya kodi uliyosamehewa. Uliza pia benki yako kabla ya safari inakata asilimia ngapi kwa malipo ya nje.

La pili ni betri. Pawabenki na betri za akiba hazipandi kwenye sanduku la chini ya ndege, zinabebwa mkononi, na kikomo bila kibali ni saa-wati (Wh) 100. Kwa hesabu ya haraka, zidisha mAh kwa 3.7, gawanya kwa 1,000: ya mAh 20,000 ni saa-wati 74, inaruhusiwa. Kati ya 100 na 160 unahitaji ridhaa ya shirika la ndege. Na wanaopita China wajue kwamba tangu Juni 28, 2025 pawabenki isiyo na alama ya 3C, yaani alama ya ithibati ya China, hairuhusiwi kwenye ndege za ndani ya nchi hiyo, hata kama uliinunua kihalali kwingine.

Mwanzisha uzi

Ahsanteni. Mmeniuliza kwa ujumbe wa faragha nifafanue ninachofanya dukani, basi nieleze mara moja hapa.

Ninanunua siku za mwanzo za safari, kamwe si uwanjani wakati wa kuondoka. Maduka ya uwanjani yasiyotozwa ushuru yana sifa kubwa kuliko bei zake. Ushuru umeondolewa, ndiyo, lakini pango la duka hilo unalilipa wewe, na ukikuta kasoro ndege haikusubiri.

Ninaomba boksi lifunguliwe mbele yangu pale pale kaunta. Nchi nyingine hutaka bidhaa ya kurudishiwa kodi iwe haijatumika, ndiyo maana sipendi kwenda kuijaribia barabarani kwa wiki nzima. Dakika kumi dukani zinatosha, na vifungashio vyote ninavirudisha kama vilivyokuwa. Kwenye simu ninabonyeza *#06#, zinatokea tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu hiyo, ninazilinganisha na zilizo kwenye boksi na kwenye risiti. Kwenye iPhone ninaingia Mipangilio, Jumla, Kuhusu, ninasoma namba ya sehemu: ikianza na M iliuzwa ikiwa mpya, F imefanyiwa ukarabati, N ilitolewa kuchukua nafasi ya iliyoharibika. Herufi za kabla ya mkwaju zinataja soko lake, LL kwa Marekani, J kwa Japani, ZP kwa Hong Kong, CH kwa China bara. Simu inayodaiwa kuwa mpya ikionyesha F, mazungumzo yanaishia hapo. Kisha ninaingiza laini yangu ya nyumbani ili nijue kama imefungwa kwa mtandao mmoja. Uingereza ilipiga marufuku kampuni za simu kuuza simu zilizofungwa tangu Desemba 2021, na Japani ilifanya hivyo miezi miwili kabla, lakini zilizouzwa zamani bado zinazunguka kwenye maduka ya mitumba.

Kwa kompyuta mpakato ninatazama kibodi kabla ya kichakataji. Ya Ufaransa ina A mahali tulipozoea Q, ya Ujerumani imebadilisha Z na Y, na ya Japani ina vitufe vya ziada vinavyofupisha kitufe cha nafasi. Programu unaweza kuibadilisha, lakini maandishi yaliyochapwa kwenye vitufe yatabaki.

Kadi za kumbukumbu na diski za bei ya ajabu ninazijaribu hotelini usiku ule ule kwa programu ya H2testw, ambayo huijaza kadi yote na kuisoma tena. Zipo kadi zilizoandikwa ukubwa ambao hazina: zinakubali mafaili yote, na zinayapoteza bila kukuambia.

Na kabla ya yote hayo, ulizia sheria za nchi unakorudi. Zipo nchi ambazo simu iliyonunuliwa nje lazima isajiliwe IMEI, la sivyo inakatwa kwenye mtandao. Uturuki muda wake ni siku 120 na ada yake ni kubwa, Indonesia nayo ina utaratibu wake. Kiwango cha msamaha wa forodha kwa msafiri nacho hutofautiana: Umoja wa Ulaya ni euro 430 kwa anayeingia kwa ndege, Marekani ni dola 800 kwa mkazi anayerejea. Risiti ile ile uliyoitumia kurudishiwa kodi ndiyo itakayoonyesha thamani ya mzigo unapofika, basi iweke karibu na utaje ulichobeba. Nimewahi kulipa ushuru wa kamera bila kuulizwa mara mbili, na hesabu yangu bado ilikuwa na faida kwa sababu ushuru huo nilikuwa nimeuandika tangu mwanzo.

Ninachobeba kwa moyo mweupe kabisa ni lenzi. Haina volti, haina lugha, haina bendi, na sehemu yake ya kuungia kamera ni ile ile popote duniani. Vichwa vya kusikilizia, diski, vishikwambi vya Wi-Fi na kompyuta zenye kibodi ninayoijua hufuata.

Aliyeuliza ilipoishia kamera ya Osaka: niliiuza mwaka uliofuata kwa mtu aliyesomea Japani na kuisoma lugha hiyo bila shida. Nilimweleza hali yake kabla hajatoa fedha, akafungua menyu, akapita kurasa zote kwa kidole huku akinisomea kwa sauti mistari niliyokuwa nimeikariri kwa alama zake tu. Alinilipa pungufu ya nilichotoa, na pengo hilo lilikaribia kulingana na lile nililodhani nimeliokoa siku ile dukani.